Kubadilisha rangi ya jaketi ya ngozi nyumbani: ujue ngozi yako mbele ya kununua rangi

Leo siandiki juu ya mihogo wala mnyauko wa migomba. Naandika juu ya jaketi ya ngozi: namna ya kuibadilisha rangi nyumbani bila kuiharibu. Kuna wenye watacheka na kusema mwenye lisansi ya agronomi ameishiwa. Sawa, mcheke, lakini msome mpaka mwisho, juu kuna franga zenu ndani.

Mambo iko hivi. Huku Luhwindja tuko juu kuliko Bukavu, na baridi ya asubuhi haina mchezo. Jaketi ya ngozi kwetu si mapambo. Motari anaivaa kila siku kwenye njia ya Walungu, vumbi wakati wa jua, matope wakati wa mvua. Mwanafunzi anaivaa akienda kutetea kazi yake ya mwisho. Na sisi tuliomaliza masomo, tunaotembeza barua za kuomba kazi, mara nyingi njo nguo moja tu yenye inaonekana ya heshima. Sasa mabega yanapauka, viwiko vinakuwa vyeupe. Ama umepata kwenye mitumba ya Kadutu jaketi nzuri kabisa, bei nzuri, lakini ni nyekundu ya kung'aa, haiwezi kwenda mbele ya mwajiri. Unatafuta kuibadilisha rangi.

Rafiki yangu mmoja alinunua jaketi nyeusi yenye muuzaji alikuwa ameipaka mwenyewe. Siku ya kuitwa kwa mahojiano ya kazi mvua ikamkuta njiani. Alipofika, kola ya shati lake jeupe ilikuwa nyeusi, na shingo vilevile. Aliingia hivyo hivyo. Sisemi alikosa kazi juu ya kola, lakini ananiambia alitumia saa nzima akificha shingo badala ya kujibu maswali.

Jambo moja naomba mlishike, hata kama mtasahau mengine yote: rangi ya ngozi si ya kupaka juu, ni ya kuingiza ndani. Na ili iingie, lazima ujue ngozi yako ni ya namna gani, na nini kimeifunika.

Njia zenye zinaharibu

Kwanza, siraji ya viatu. Kiwi na wenzake ni nta yenye imechanganywa na rangi. Nta inabaki juu. Kwenye kiatu hakuna shida, juu kiatu hakigusi shati. Kwenye jaketi, ukitoa jasho ama ukinyeshewa, inahamia kwenye nguo, kwenye kiti cha gari, kwenye mtoto mwenye umebeba.

Pili, kuchemsha. Kuna watu wanachukua rangi ya unga ya kutia kwenye vitambaa, ile ya kufanya nguo nyeusi za kilio, wanaichemsha kwenye sufuria na kutumbukiza jaketi. Pamba inavumilia. Ngozi haivumilii. Ngozi yenye ilitengenezwa kwa magome ya miti inaanza kujikunja karibu nyuzi 70 mpaka 85. Ile ya kromu inavumilia zaidi, mpaka karibu 100, lakini maji ya kuchemka yanaondoa mafuta yake yote. Ikikauka, unapata jaketi ya mtoto, tena ngumu kama ubao.

Tatu, unga mweusi wa mawe ya tochi na mafuta machafu ya injini. Ule unga una manganizi. Vumbi lake ni sumu ukilivuta, na hauingii kwenye ngozi, unalala tu juu yake. Walimu wa vijijini wanautumia kufanya mbao za darasa kuwa nyeusi, na huko chaki inaelewana nao. Kwenye nguo ya kuvaa mwilini hapana. Mafuta ya injini nayo yanalegeza ngozi, yanachafua nyuzi, na harufu yake haitoki.

Ngozi ni nini?

Kwetu Bushi ng'ombe ni mahari, ni heshima, lakini ngozi yake tunaizungumzia kidogo. Ngozi ya mnyama ni nyuzi nyingi za protini inayoitwa kolajeni, zimesukwa kama kamba za mkeka. Ukiiacha mbichi inaoza. Ukiikausha tu inakuwa ngumu. Ili ibaki laini miaka mingi lazima ipate dawa ya kushika zile nyuzi.

Dawa ya zamani ni tanini, maji makali ya magome ya miti. Ile akasia yenye wengi wanapanda kwa ajili ya makala, *Acacia mearnsii*, magome yake yana tanini nyingi sana. Kule Njombe, Tanzania, kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949 juu ya mti huo huo. Dawa ya pili ni chumvi za kromu. Augustus Schultz alipata hati ya uvumbuzi wake huko Marekani mwaka 1884, na leo sehemu kubwa ya ngozi duniani inatengenezwa kwa kromu, juu ni haraka na ngozi inatoka laini. Mikanda na sandali nyingi ni za magome. Jaketi, karibu zote ni za kromu.

Baada ya hapo kiwanda kinatia rangi, halafu mara nyingi kinafunika na utando mwembamba wa plastiki ili maji yasiingie. Ule utando njo adui yako. Ukimwaga rangi juu yake, rangi inakauka hapo hapo na kesho inatoka kwenye kola.

Tena ngozi inapenda uchachu kidogo, pH kati ya 3,5 na 5, kama udongo wa vilima vingi vya kwetu. Njo maana sabuni kali ya unga, ama maji ya majivu, yanaiharibu.

Majaribio mbele ya kutoa franga

1. Ni ngozi kweli? Tazama ndani ya mshono, kwenye ukingo uliokatwa. Ngozi inaonyesha nyuzi nyuzi kama nyama iliyokauka. Ya bandia inaonyesha kitambaa chini na plastiki juu. Kama bado una mashaka, kata kipande kidogo sana ndani ya mfuko na ukiguse kwa kiberiti: ngozi inanuka nywele zilizoungua, plastiki inayeyuka na kudondoka. Kama ni ya bandia na imeanza kubanduka, usipoteze wakati. Rangi haitaingia, na kubanduka kutaendelea.

2. Tone la maji. Weka tone moja chini ya kola. Likiingia ndani ya dakika moja na kuacha alama nyeusi, ngozi iko wazi, itapokea rangi. Likisimama kama tone la mvua kwenye jani la muhogo, kuna utando, lazima uutoe kwanza.

3. Kitambaa cheupe. Sugua sehemu iliyofichwa kwa kitambaa cheupe kilicholowana kidogo. Rangi ikitoka kabla hujafanya kitu, ujue mtu mwingine alishaipaka mbele yako. Hiyo yote itatolewa kwanza.

Rangi gani inawezekana?

Rangi ya kuingia ndani inapitisha mwanga, kama chai kwenye kikombe. Haifuti rangi ya chini, inajiongeza juu yake. Kwa hiyo unaweza kwenda kwenye giza tu: kutoka kahawia isiyokolea kwenda kahawia nzito, kutoka nyekundu kwenda nyeusi. Njano ukiitia bluu inakuwa kijani. Kutoka nyeusi kwenda kahawia haiwezekani kwa njia hii. Mwenye kukuahidi hivyo atakupaka rangi ya juu tu, na itapasuka kwenye viwiko. Kwa jaribio la kwanza, nyeusi njo rahisi kuliko zote, juu inaficha madoa.

Uzi wa mshono, mara nyingi wa polyester, haushiki rangi. Kama mishono yako ni myeupe itabaki myeupe. Wengine wanaipenda hivyo. Wewe amua mbele, usishangae nyuma.

Vifaa

Rangi ya maji ya ngozi, ile yenye mafundi wa viatu wanatumia, si siraji ya kopo. Mwambie muuzaji wazi: "rangi yenye inaingia ndani ya ngozi". Jaketi ya mtu mzima inaweza kumaliza kati ya mililita 250 na 500, kwa hiyo nunua yote kwa siku moja, ya chapa moja. Nyeusi mbili za chapa mbili si nyeusi moja. Halafu alkoli ya farmasi, dawa ya kutoa rangi ya kucha yenye ina asetoni, pamba, sponji mbili, vitambaa vyeupe vikuukuu, karatasi ya kubandika ya kufunika zipu na kitambaa cha ndani, mifuko ya plastiki ya kuvaa mikononi, na siraji isiyo na rangi ya kumalizia.

Angalisho moja, na hapa sifanyi mchezo: alkoli na asetoni zinashika moto, na mvuke wake unatembea chini chini mpaka kwenye moto wenyewe. Usifanye kazi hii ndani ya nyumba yenye mbabula inawaka, wala taa ya petroli, wala mtu anayevuta sigara. Fanya barazani, upepo ukipita, watoto wakiwa mbali. Na usitumie esansi ya moto kusafisha. Jaketi inaweza kununuliwa tena, uso hapana.

Kazi yenyewe

Nitaeleza kwa kufuata jaketi moja. Mtoto wa marehemu muyomba wangu, motari, alikuja Alhamisi na jaketi ya baba yake. Kahawia, mabega yamepauka, kola imeshika mafuta ya shingo. "Yaya, weye ulisoma shimi. Nataka hii jaketi ya papa ikuwe nyeusi mbele ya siku ya kumaliza kilio." Nikamuuliza ni lini. Akasema siku ya posho ya juma lijalo. Siku tisa. Alitaka niimalize kesho yake. Nikamwambia jaketi ya baba haipatikani Kadutu hata ukiwa na dola elfu, kwa hiyo tutatumia hizo siku.

Siku ya kwanza, kusafisha. Brosi kavu ya kutoa vumbi, halafu kitambaa chenye maji na sabuni laini kidogo tu, halafu kitambaa chenye maji safi. Kola na mikono ya jaketi tulivirudia mara tatu, juu mafuta ya mwili yanafukuza rangi. Tukaitundika kwenye kivuli. Wakati wa mvua huku kwetu siku moja haitoshi kukausha, tukaiacha mbili. Si juani, na si karibu na mbabula: joto linakausha mafuta ya ngozi na inapasuka.

Siku ya tatu, kutoa utando. Tone la maji lilikuwa limesimama, kwa hiyo ilikuwa lazima. Unalowesha pamba kwa alkoli, unasugua sehemu ndogo, ukubwa wa kiganja, bila kukandamiza. Mng'ao ukikataa kutoka, unajaribu asetoni kidogo sana. Pamba inachafuka kahawia, ngozi inakuwa ya kufifia. Unabadilisha pamba, unaendelea. Hii njo kazi ndefu, ilituchukua saa tatu. Ukimaliza, tone la maji tena. Mahali linasimama, rudia.

Siku hiyo hiyo, jaribio la rangi chini ya kola, na kungoja saa 24. Hapa watu wengi hawana uvumilivu. Lakini rangi ikiwa mbichi inakudanganya: inaonekana nzito kuliko itakavyokuwa.

Siku ya nne, rangi. Kanuni ni tatu. Safu ya kwanza iwe nyepesi: kama rangi yako ni ya alkoli, iongezee alkoli kidogo, kama ni ya maji, maji kidogo. Sponji ilowane lakini isidondoke, uzungushe mkono, usivute mistari. Na ukianza kipande, maliza kutoka mshono mpaka mshono bila kusimama. Ukisimama katikati kupokea simu, ule mstari utauona miaka yote. Tulianza mgongoni, halafu mikono, halafu mbele, kola mwisho. Unangoja saa mbili, safu ya pili. Kesho yake, ya tatu. Safu tatu nyepesi zinashinda moja nzito.

Siku ya tano mpaka ya saba, kukauka na kusugua. Watu wanairuka hatua hii, na njo yenye inaokoa shati. Rangi yenye haikuingia imebaki juu kama vumbi. Sugua jaketi nzima kwa kitambaa cheupe kikavu, kwa nguvu. Kitatoka cheusi. Chukua kingine. Halafu kingine. Sisi tulitumia vitambaa sita. Halafu kitambaa kilicholowana kidogo, juu mvua itakuja siku moja. Kitambaa cha maji kikitoka cheupe, kazi imekwisha. Kikiwa bado kinatoka cheusi, kazi haijaisha, hata kama jaketi inapendeza namna gani.

Mwishoni, siraji isiyo na rangi, kidogo sana, na kusugua ili kurudisha ulaini na kuzuia maji. Usitie mawese: ni mekundu na yanachacha. Usitie vanishi ya mbao: inapasuka mara ya kwanza ukikunja mkono.

Jaketi ilitoka nyeusi. Si nyeusi ya dukani. Ndani ya mikunjo ya kiwiko, ukikunja, kahawia ya zamani inaonekana kidogo. Yule kijana aliitazama pale, akasema tuiache hivyo. Siku ya kilio mvua ilinyesha kuanzia makaburini mpaka nyumbani. Alikuwa na shati jeupe chini. Kola ilibaki nyeupe.

Na chai na misumari?

Mmoja wetu aliniuliza kama mtu anaweza kufanya nyeusi bila kununua kitu. Inawezekana, lakini si kwa kila ngozi. Mnajua mkimenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma, mikono na kisu vinakuwa vyeusi. Ile ni tanini ya ndizi imekutana na chuma. Kwa ngozi ni vilevile. Weka misumari yenye kutu ndani ya vinegri juma moja, kwenye chupa isiyofungwa kabisa, juu inatoa gesi. Chuja, paka kwenye mkanda ama sandali ya ngozi ya magome, na utaona inageuka nyeusi mbele ya macho yako, juu tanini iko tayari ndani. Halafu pangusa na maji yenye bikaboneti kidogo ili kupunguza uchachu.

Jaketi ya kromu haina tanini hiyo. Ukiipaka chai nzito kwanza, utapata nyeusi, lakini ya madoa madoa. Kwa hiyo chai na misumari tuviachie mikanda.

Wakati wa kusema hapana

Fanya hesabu mbele. Jumlisha rangi, alkoli, pamba na siraji. Kama jumla inapita nusu ya bei ya jaketi nyingine kwenye mitumba, na hii haina maana yoyote kwako, nunua nyingine. Kama ngozi imepasuka mpaka inaachia unga ukiikunja, rangi haitaiponya. Kama unaihitaji kesho, usianze leo.

Na kwa wale wenye wanafikiria kuifanya kazi, maana najua wako wenye walisoma aya ya franga mara mbili: wamotari ni wengi na jaketi zinapauka kila mwaka, wateja wako. Lakini mwambie mteja ukweli mbele ya kupokea pesa yake: itachukua juma moja, mishono haitabadilika, nyeusi haitarudi kahawia. Halafu siku ya kumrudishia, sugua jaketi kwa kitambaa cheupe chenye maji mbele ya macho yake, umpe akishike mwenyewe. Mtu akiona hivyo, ataleta na ya ndugu yake.

Mwenye ana jaketi na hajui ni ya namna gani, afanye yale majaribio matatu, aniandikie tone la maji lilifanya nini. Tutaanzia hapo.